Vitana vya Makaa

Mjukuu wangu Nasma huchapa kapasita. Neno hilo sikulisoma utotoni, lakini mtu aliyefundisha shule za msingi mpaka akaota mvi hapaswi kuliogopa neno geni. Hulitazama, akalijua, akalitumia. Kapasita ni kijaluba cha kuhifadhia umeme. Mafundi redio wa hapa Kilwa Kivinje wanazijua zile zenye umbo la pipa dogo. Za Nasma si pipa, ni mchoro: vitana viwili vyeusi vilivyochapwa juu ya karatasi laini ya plastiki, meno ya kimoja yakiingia katikati ya meno ya kingine bila kugusana. Mchoro mzima hauzidi ukucha wa kidole gumba. Ukiikunja karatasi hiyo kama ukunjavyo tiketi ya basi, haivunjiki, na umeme uliomo haupotei.

Alipofika mara ya kwanza na vifaa vyake, majirani walinisimamisha njiani. "Mwalimu Likwata, mtoto kasoma Dar es Salaam miaka yote ile, karudi kuchapa fulana?" Sikuwalaumu, kwa maana vifaa ni vilevile: fremu ya mbao, kitambaa cha nailoni kilichokazwa juu yake, na mpira wa kukwangulia wino. Hata msaidizi wake, Twalib, alikuwa mchapaji wa fulana za kampeni mjini Lindi. Kinachotofautiana ni wino. Wino wa Nasma ni makaa ya vifuu vya nazi, yaliyochomwa mara mbili, mara ya pili kwa mvuke, kisha yakapondwa na kuchekechwa mpaka yakawa laini kuliko poda ya mtoto.

Ni lazima nieleze kazi ile ilikuwa ya nini. Katika zahanati za milimani Umatumbini kuna sindano ambayo mkunga humdunga mama mara mtoto anapozaliwa, ili damu isimtoke kupita kiasi. Dawa hiyo hutaka baridi. Ikipata joto njiani nguvu yake hupungua, lakini haibadiliki rangi wala harufu. Mkunga huivuta kwenye bomba akiamini ana dawa mkononi, kumbe ana maji. Nasma alitengeneza lebo nyembamba inayozungushiwa pakiti ya dawa ndani ya boksi la barafu, ikapima joto safari nzima. Mkunga akiibonyeza, taa ya kijani humwambia dawa ni nzima; nyekundu humwambia asiitumie. Isipowaka kabisa, lebo imekufa njiani na haina ushahidi wowote. Betri ndogo za saa zilijaribiwa zikakataliwa: ni nene, hazikunjiki, na zikitupwa katika tanuri la taka za hospitali hulipuka. Kwa hiyo uhai wote wa lebo ulikuwa ndani ya vile vitana vya makaa.

Chuo kilichomwazima Nasma vifaa kilikwisha kutamka sharti lake. Kulikuwa na safari moja ya majaribio, kwa boksi halisi la dawa, chini ya Bi Helena, mfamasia anayesimamia dawa za zahanati za milimani. Lebo zikifika hai, kazi ingebaki Kilwa. Zikifika zimekufa, vifaa vingefungwa na kurudishwa Dar es Salaam, na Nasma pamoja navyo. Pikipiki ya dawa ilikuwa iondoke Ijumaa alfajiri.

Mimi sikuwa mtazamaji. Nasma alinipa kioo cha kukuzia na penseli nyekundu, akaniambia, "Babu, wewe umesahihisha madaftari maisha yako yote. Nisahihishie na haya." Kazi yangu ilikuwa kukagua kila mchoro kabla haujapakwa jeli ya chumvi inayouwezesha kushika umeme. Jino likimgusa mwenzake, umeme hupita moja kwa moja na kijaluba hakihifadhi kitu. Nilipoona kosa niliandika pembeni: Rudia.

"Mwalimu," Twalib alininong'oneza siku ya kwanza, "hilo neno lako 'Rudia' linanitia presha kuliko polisi."

"Chapa vizuri, utalisahau," nikamjibu.

"Poa, Mwalimu."

"Haisemwi 'poa' kwa mtu wa umri wangu."

"Naam, Mwalimu," akasema, na nyuma ya fremu nikamsikia Nasma akicheka.

Jumanne walichapa lebo za safari. Kwanza walipitisha mistari ya wino wa fedha, ikakauka. Kisha juu yake vitana vya makaa. Nasma alishika mpira kwa mikono miwili, akauvuta kwa mwendo mmoja usio na papara, na kila alipoinua fremu nilisikia kitambaa kikibanduka polepole kutoka kwenye karatasi. Nilikataa michache, nikapitisha mingi. Nyumba waliyopanga kwa kuchapia, mkabala na yangu, ni ya zamani, yenye kuta nene za mawe zisizoacha kutoa unyevu, kwa hiyo karatasi zilizopita zilipelekwa nyumbani kwangu zikalale kwenye chumba cha wageni, penye joto na ukavu. Jeli ya chumvi ingepakwa kesho yake.

Niliporudi kutoka sala ya alasiri nilinusa udi mlangoni. Nilidhani mke wangu anajiandaa kupokea mgeni, na kwa kuwa nyumba yenye harufu njema ni heshima ya mwenye nyumba, niliridhika nikaenda kusoma gazeti langu.

Jumatano asubuhi Nasma alipaka jeli, akazitia lebo umeme, akaziunganisha na mita. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Nilimwona akiitazama mita, akaigonga kwa ukucha, akabadilisha waya, akaitazama tena.

"Zimejaa?" nikauliza.

"Zimejaa haraka mno, Babu. Na zinakwisha haraka mno. Ni kama ndoo iliyojazwa mawe kabla ya maji."

Alizipima zote. Hali ilikuwa moja. Alichunguza wino uliobaki, akapaka kidogo kwenye karatasi mpya, akaongeza jeli, akapima: ule ulikuwa mzuri. Akapima jeli peke yake: nzuri. Twalib aliapa kwamba hakubadilisha chochote. Nasma alichukua karatasi moja ambayo haikuwa imepakwa jeli bado, akaisogeza puani, akafumba macho. Kisha akanyanyuka, akatoka, akavuka mtaa mpaka nyumbani, nasi tukimfuata.

Mke wangu, Bi Somoe, alikuwa uani akichambua mchele.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona mmekuja kama mnaofukuza mwizi?"

"Bibi, nani amezifukiza karatasi zangu?"

"Mimi. Ulitaka afukize nani? Mumeo huyu, asiyejua hata chetezo kinashikwa upande gani?"

Nasma alikaa chini, palepale kwenye sakafu. "Bibi, umenimaliza."

"Nimekumaliza kwa udi? Tangu lini udi ukammaliza mtu? Umeniambia kwa kinywa chako kwamba vitu hivi vinakwenda kwa wazazi. Nguo ya mzazi hufukizwa. Nepi ya mtoto hufukizwa, na kitanda chake pia. Kutoka nyumba hii, mimi Somoe, nipeleke kitu kwa mzazi kinanuka masizi? Waseme nini?"

Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyowalea binti zetu. Sikuona neno la kumlaumu. Nasma naye hakupandisha sauti, jambo nililolithamini.

"Bibi, wewe huweka kipande cha mkaa ndani ya jokofu. Kwa nini?"

"Kinyonye harufu ya samaki."

"Kinanyonyaje?"

"Nitajuaje mimi? Kinanyonya tu."

"Kwa sababu mkaa una vitundu vingi visivyoonekana. Haya ya kwetu tuliyachoma kwa mvuke ili yawe na vitundu zaidi. Humo ndimo umeme unamokaa. Sasa yamenyonya udi wako wote, vitundu vimejaa, umeme haupati nafasi."

Bi Somoe aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akamtazama tena mjukuu wake.

"Kwa hiyo umeme umekwenda ukakuta nyumba ina wapangaji."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi wafukuze."

"Kwa moto mkali wangetoka, lakini plastiki ingeyeyuka kabla yao."

Twalib, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. "Sista, ile batchi ya Dar ipo kwenye sanduku. Zile za majaribio. Zinatosha boksi moja. Tunazibandika, Bi Helena anapita kesho anazichukua, mchezo umekwisha. Nani atajua?"

Nilifungua kinywa, na maneno niliyoyaandaa hayakuwa ya upole. Nasma aliniwahi.

"Zile zimechapwa kwa makaa ya unga yaliyonunuliwa ng'ambo, Twalib. Nilimwahidi Bi Helena makaa ya vifuu vya Kilwa. Zikifaulu zile, nitakuwa nimethibitisha nini? Kwamba watu wa ng'ambo wanajua kuchoma mkaa?"

"Lakini ungebaki hapa."

"Ningebaki nikifanya kazi ambayo najua sijaiweza." Alisimama, akakung'uta nguo. "Wino uliobaki hautoshi. Tunaanza kwenye vifuu."

Nilifunga kinywa changu.

Mchana ule tulikuwa na moshi wa kutosha mtaa mzima. Uani kwa nyumba ya kuchapia, Twalib alijaza vifuu kwenye pipa la chuma, akalifunika, akawasha moto chini yake. Nasma alisimamia mvuke uliopita kwa bomba kutoka kwenye birika kubwa la shughuli, akitazama rangi ya moshi na kuliambia bomba maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Makaa yalipopoa, lilibaki suala la kuyaponda. Mashine yao ndogo ya kusagia ilikuwa imeungua siku nyingi, na unga wa awali waliusagisha Lindi. Hapakuwa na muda wa Lindi.

Bi Somoe alivuka mtaa akivingirisha kinu chake.

"Bibi, acha, utachoka."

"Nimeharibu mimi, nitaponda mimi. Nishikie mchi huo wa pili, mke mwenzangu, na usiponde kama mtu aliyelazimishwa."

Wakaponda kwa kupokezana, mchi huu ukipanda mwingine ukishuka, mpaka jua likaenda kuzama. Na Alhamisi baada ya sala ya alfajiri wakaendelea. Unga ulichekechwa, ukarudishwa kinuni, ukachekechwa tena. Nasma aliusugua kati ya vidole, akatikisa kichwa, akaurudisha. Mke wangu alikuwa mweusi mpaka kope. Wanawake wawili waliopita njiani walimuuliza kama ameanza biashara ya mkaa.

"Nachapa umeme," akawajibu bila kuinua uso.

Wino ulikuwa tayari kabla jua halijawa kali. Walikuwa wamekwisha kupitisha mistari ya fedha na kuanza kupitisha makaa Bi Helena alipofika. Ni mwanamke mrefu, mzaliwa wa milima hiyohiyo, na hana tabia ya kupoteza neno. Alisimama mlangoni akatuangalia mmoja mmoja.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Bi Helena. Karibu."

"Nimefika panapotengenezwa lebo, au panapouzwa mkaa?"

Nasma aliweka mpira chini, akamweleza yote tangu mwanzo, bila kupunguza, na bila kumtupia bibi yake mzigo. Alisema, "Zilifukiziwa kwetu," basi. Bi Somoe ndiye aliyenyoosha mkono kutoka uani kama mwanafunzi.

"Ni mimi. Nilifuata ada ya mzazi."

"Kwetu, mama, mzazi hupelekewa uji."

"Na uji nao huna budi kuupika kwa moshi."

Kona moja ya mdomo wa Bi Helena ilisogea, kisha ikarudi mahali pake. "Nasma, nimekusikia. Sikuja kukuongezea siku. Jioni hii napita tena. Lebo zikiwapo, zitaingia kwenye boksi. Zisipokuwapo, nitawaandikia chuo kwamba hazikuwapo."

"Zitakuwapo," Nasma akasema.

Sasa ikawa zamu yangu, na sitaficha kwamba niliwachosha. Wino ule ulikuwa mzito kidogo kuliko wa kwanza, na karatasi za mwanzo zilitoka na meno yaliyovimba. Niliandika Rudia. Nasma alilegeza wino, Twalib akachapa. Rudia. Nasma akakaza kitambaa upya. Meno yakaanza kunyooka. Nilipitisha karatasi, nikapitisha nyingine, kisha nikaikuta moja ambayo juu ilikuwa safi na chini, kwenye pembe, meno mawili yalikuwa yameshikana.

"Mwalimu," Twalib akalalama, "hapo pamegusana kidogo tu! Unywele! Jua linashuka, Mwalimu!"

"Kugusana hakuna kidogo."

"Mume wangu," mke wangu akasema kutoka uani, "mpe huyo mtoto pumzi."

Nilimtazama Nasma. Endapo angeniomba, sijui ningejibu nini. Hakuniomba. Aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe kwa kioo, akaikunja na kuitia kwenye pipa la taka.

"Babu amesema kweli. Twalib, rudia."

Mara hii hakuna aliyepeleka karatasi nyumbani kwangu. Zilikaukia uani, juani, wazi, na mke wangu ameketi mbele yake kwenye mkeka akifukuza hata moshi wa jirani aliyekuwa akikaanga mihogo. Jeli ilipakwa. Lebo zilitiwa umeme. Mita ilipanda, ikatulia, na ikakaa palepale huku nikihesabu pumzi zangu. Bi Helena alipopita kabla ya magharibi alizikuta zimepangwa mezani, za kutosha boksi zima na chache za akiba. Hakusifu. Alizibonyeza moja moja, kila moja ikajibu kwa kijani, akazitia za boksi kwenye bahasha, za akiba akaziacha, akaaga.

Ijumaa pikipiki iliondoka na dereva wa idara ya afya, kijana aitwaye Boniface. Asubuhi ile Nasma hakula. Nilikwenda msikitini, na nilipotoka sala ya Ijumaa nikamkuta Bi Helena kwenye chumba cha kuchapia, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Monika amepiga kutoka zahanati," alikuwa akisema. Monika ndiye mkunga wa huko. "Lebo zimewaka nyekundu. Zote."

"Zote zimewaka?" Nasma akauliza. "Hakuna iliyonyamaza?"

"Hakuna. Lakini Boniface anaapa kwamba boksi halikufunguliwa na barafu ilikuwa kamili. Ama lebo zako zinadanganya, ama mtu wangu anadanganya. Na Boniface nimefanya naye kazi muda mrefu. Lebo zako nimezijua jana."

Niliona rangi ikimtoka mjukuu wangu. Lebo isiyowaka ingekuwa kushindwa. Lebo iwakayo uongo ingekuwa kitu kibaya zaidi, kwa maana mkunga angetupa dawa nzima, au siku nyingine angeamini dawa mbovu. Lakini hakuanza kujitetea.

"Naomba nizungumze na Monika. Weka sauti juu, tusikie sote."

Simu ikaita, ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya Monika nilisikia mwanamke akilia kwa uchungu.

"Dada Monika, tazama vile vifuko vya barafu ndani ya boksi. Usiniambie Boniface amesemaje. Vishike kwa mkono."

Tulisikia kifuniko kikifunguliwa. Kisha: "Dada, hii si barafu. Ni maji. Na yana joto, utafikiri ya kuogea."

Bi Helena alivuta simu karibu na mdomo. "Nipe Boniface."

Boniface alijiumauma. Cheni ilikatika baada ya kuvuka mto. Aliliweka boksi kando ya barabara, akapanda pikipiki ya mtu mwingine kwenda kutafuta cheni. Aliliweka kivulini, akasema.

"Kivuli kilikaa palepale ulipokiacha?" Bi Helena akauliza.

Kisha akamwita mkunga arudi kwenye simu.

"Monika, usimdunge mtu dawa hiyo. Huyo ninayemsikia ana hali gani?"

"Njia inafunguka vizuri, lakini huyu uzazi uliopita alivuja damu sana. Bila dawa naogopa, bosi."

Ghala la dawa halikuwa mbali, na pakiti nyingine ilikuwamo. Lakini gari la idara lilikuwa Lindi, na pikipiki ya idara ilikuwa milimani. Twalib hakungoja kuulizwa. "Chombo changu kipo hapo nje, kina mafuta." Kisha akanitazama, akajirekebisha. "Pikipiki yangu ipo, Mwalimu."

Boksi lilipoletwa, Nasma alizungushia lebo za akiba kwa mkono wake mwenyewe, akazijaza umeme, akafunga kifuniko. Kisha akalichukua boksi, akalikumbatia.

"Nitakwenda nalo. Likifungwa nyuma litapigwa jua njia nzima. Mimi nitalifunika."

Wasomaji wa umri wangu watanielewa. Binti wa nyumba yangu hajawahi kupanda pikipiki nyuma ya kijana asiye ndugu yake, akakatiza milima, na watu wote wa mtaa wanatoka msikitini wakimtazama. Hiyo ni kanuni niliyoiweka mimi, na binti zangu waliifuata. Nasma aliijua. Alisimama mbele yangu, boksi kifuani.

"Babu, ninakwenda. Naomba radhi yako."

Hakusema "naomba ruhusa". Nilisikia, na nikajua kwamba anajua nimesikia.

"Vaa kofia ngumu," nikasema. "Na wewe, Twalib, nikisikia umekimbiza mtambo huo kwenye kokoto, utanieleza."

"Naam, Mwalimu."

Wakaondoka. Alikuwa amelifunika boksi kwa kanga ya bibi yake, iliyolowanishwa kwa maji ya mtungi. Waumini walisimama kando kuwapisha, na mmoja wao aligeuka kunitazama akitaka maelezo. Sikumpa.

Bi Helena hakwenda. Aliketi nasi kwenye benchi uani, simu mapajani. Mke wangu alileta chai, ikapoa. Nilitaka kumuuliza Bi Helena ataandika nini kwa chuo, nikaona si wakati wake. Mara mbili simu ililia, mara zote mbili ikawa ni watu wengine, akawajibu kwa neno moja moja. Tulisikia adhana ya alasiri. Nikasali palepale uani, jambo ambalo si kawaida yangu.

Hatimaye jina la Monika likatokea kwenye kioo cha simu. Bi Helena aliweka sauti juu kabla ya kusema lolote.

"Wamefika?"

"Wamefika, bosi. Nimebonyeza, ni kijani, zote kijani. Mtoto ametoka sasa hivi, nadunga. Nakata simu."

Ikakatika.

Bi Helena akasimama, akaweka mkoba begani. Alitazama ndani ya chumba, ilipokuwa fremu imeegemezwa ukutani na makopo ya wino chini yake.

"Mwalimu, Nasma akirudi mwambie vifaa visifungwe. Chuo nitawaandikia mimi. Zahanati zangu za milimani ni nyingi, na kila boksi nitalitakia lebo zake. Na mwambie Jumatatu aje anifundishe kuzitia umeme, nisiwe nampigia simu kila ninapofunga boksi."

"Nitamwambia."

Alipotoka, mke wangu alinisogelea, macho yake yakiwa bado na pindo la weusi wa makaa.

"Mtoto wa kike au wa kiume?"

Nikamjibu kwamba mkunga hakusema. Alikuwa na kazi.